Tumbili Wenye Hereni

Tumbili wa mwisho alipofunguliwa kizimba hakukimbia. Alitoka akiyumba kama mlevi, dawa ya usingizi bado imo kichwani, akatazama huku na huku, kisha akaketi katikati ya karanga za mzee Wahabu. Kwenye sikio lake la kushoto kilining'inia kibati chekundu alichotobolewa nacho muda mfupi uliopita. Akang'oa shina la karanga, akalipukuta udongo, akaanza kula taratibu mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Watu wa kijiji cha Abuku walikuwa wamekuja kuona tumbili wakiuawa. Ndivyo walivyodhani: serikali imeleta vizimba, basi serikali imekuja kumaliza tumbili.

"Onzima," Wahabu akaita. Alikuwa mzee mrefu, askari wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini, ambacho wengi wa Abuku walikizungumza. "Mimi naona vizuri, au macho yangu iko mgonjwa? Wewe nakamata mwizi, napa yeye ndizi, napa yeye dawa, navalisha yeye hereni, halafu narudisha yeye ndani ya shamba yangu?"

Onzima alikuwa bado ameshika mlango wa kizimba. "Mjomba, ndiyo kazi yenyewe. Daktari anataka damu tu. Wakishatolewa damu, lazima warudi walipokamatwa."

"Lazima ya nani?"

Daktari Prossy akavua glovu. Alikuwa daktari wa wanyama, mwanamke mfupi aliyekulia katika kambi za polisi, na kwa sababu hiyo Kiswahili hakikumpiga chenga kama kilivyowapiga wenzake waliotoka naye kituo cha utafiti huko kusini. Aliwaambia kwamba upo ugonjwa unaoitwa homa ya manjano, unaoletwa na mbu wa msituni. Mbu humuuma tumbili kwanza. Tumbili wa huku haumwi sana, lakini damu yake hubaki na alama.

"Leo nimewapima hawa, karibu wote ni safi," alisema. "Mvua zikipita nitawakamata tena, hawa hawa. Nikikuta alama ambayo leo haipo, nitajua ugonjwa umepita hapa juzijuzi. Hapo ndipo ninapoweza kuwapigia wakubwa simu, nikasema leteni chanjo Abuku kabla watu hawajaanza kufa. Sasa nikiwaua leo, wazee wangu, nitampima nani?"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia, "Na sisi? Sisi hapana iko na damu?"

Yule tumbili alimaliza shina la kwanza, akang'oa la pili.

*

Shamba walilolima Onzima na mkewe Ayikoru halikuwa lao. Wahabu alikuwa amempa dada yake Margarita, mama yake Onzima, aliporudi Abuku akiwa mjane, amefukuzwa na ndugu wa mumewe upande wa Arua. Alirudi na mwanawe huyo mmoja. Kipande chenyewe kilikuwa chini kabisa, kimegusana na kichaka cha mtoni, mahali ambapo hakuna mwingine aliyetaka kulima kwa sababu ya tumbili. Onzima alikuwa mpwa tu pale. Kila mtu alijua mpwa hukaa kwa hisani.

Kuwafukuza tumbili ilikuwa kazi ya Margarita. Tangu kunapopambazuka mpaka jua linapozama alikaa ukingoni mwa kichaka na debe kuukuu na fimbo, mbu wakimla miguu. Alilipiga debe, akatukana, akapumzika, akatukana tena. Aliwajua tumbili wake mmoja mmoja. Kulikuwa na jike zee lisilo na ncha ya mkia ambalo alilipenda na kulichukia kuliko wote.

"Ile mwanamke iko na akili kushinda wewe," alimwambia Ayikoru. "Nangoja mimi nakwenda haja ndogo. Halafu naita watoto yake yote."

Jioni ya siku ile ya vizimba Wahabu akaja kwao. Hakuingia ndani wala hakukubali kiti. Alisimama uani akiwa amekunja mikono nyuma.

"Dada," akamwambia Margarita, "hii shamba mimi napa wewe. Mimi hapana pa tumbili."

"Nani nasema iko ya tumbili? Mimi nakaa pale siku yote kama mbwa."

"Wewe nafukuza, mtoto yako narudisha. Vijana yangu nauliza mimi: baba, kwa nini mtu ya nje nalisha tumbili karanga yetu? Mimi nakosa jibu." Akamgeukia Onzima. "Mvua ikiisha, kama hii tumbili ya hereni bado iko hapa, mimi natwaa shamba. Vijana yangu nalima."

"Mjomba, hii kazi ndiyo inayomsomesha binti yangu Phiona. Na daktari ameshaeleza kwamba chanjo..."

"Chanjo iko wapi? Mimi hapana ona chanjo. Mimi naona maganda ya karanga."

Onzima alikuwa mtu mpole, na mbele ya mjomba wake upole ule uligeuka kuwa kitu kingine, kitu alichokiona Ayikoru akageuzia macho pembeni. Wakati wa kuondoka Wahabu alipita karibu na jiko, Ayikoru akiwa amepiga magoti anapuliza moto. Akasimama kidogo.

"Mwanamume iko na kazi ya wakubwa, hapana weza kufanya kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nyumba iko ya mwanamke, mama Phiona. Angalia nyumba yako."

*

Kisimani pa pampu wanawake walimwita Ayikoru Mama Tumbili. Mara ya kwanza ilikuwa utani, naye akacheka pamoja nao. Mara ya pili dumu lake lilisogezwa nyuma alipogeuka kumjibu mtu. Akalirudisha mbele, likasogezwa tena.

"Ngoja tumbili yako itakuja chota," alisema mmoja. "Si iko na mikono?"

Alirudi nyumbani na maji jua likiwa kali, muhogo uliolowekwa ukiwa bado haujatolewa. Phiona naye alirudi shuleni akiwa amechana sketi. Hakutaka kusema nani kaichana. Alipobanwa sana alisema tu kwamba walikuwa wanaangalia kama ana mkia.

Usiku huo Ayikoru alimwambia mumewe, "Iache hii kazi."

"Nikiiacha, watamchukua mtu mwingine wa kutega. Tumbili watakuwa walewale, hereni zilezile, ila mshahara utakuwa wa mwenzangu."

"Basi mwambie daktari awapeleke mbali. Awamwage huko msitu wa Congo."

"Nilishamwambia. Anasema wakihamishwa alama ya damu haitakuwa na maana. Lazima iwe damu ya hapa."

"Na sisi tukihamishwa?"

Siku mbili baadaye, mvua zikiwa zimekaribia kuisha, Onzima aliondoka na gari la utafiti kwenda Arua, kufundishwa namna mpya ya kuhifadhi damu kwenye barafu. Alikuwa amevaa shati lake la harusi. Ayikoru alilipiga pasi mwenyewe, akamsindikiza mpaka barabarani, akamtakia heri, na gari lilipopotea alipanda boda kwenda Koboko mjini.

Muuza pembejeo alikuwa kijana mwenye haraka. Ayikoru alimwambia anataka dawa.

"Ya nini? Ya panya?"

"Ya panya wakubwa."

Kijana akamtazama. Akainama chini ya meza, akatoa unga uliofungwa kwenye nailoni nyeusi, usio na jina wala picha. "Hii ukishika nawa mikono na sabuni," alisema. "Na mbwa yako funga."

Alifanya kazi ile uani, Phiona akiwa shuleni. Alichemsha mahindi mabichi katika sufuria ndogo, akaanza kuyapaka unga kwa kijiti. Kivuli kikamwangukia. Margarita alikuwa ameacha debe lake shambani na kuja kunywa maji.

Mama mkwe alitazama sufuria, akatazama nailoni. Ayikoru hakuinua kichwa. Alisubiri kutukanwa.

"Onzima najua?"

"Hapana, mama."

Margarita akavuta kigoda, akaketi. Akakuna vipele vya mbu miguuni.

"Mimi nafukuzwa mara moja," alisema. "Kule kwa baba ya Onzima. Nabeba godoro juu ya kichwa, mtoto nalia, watu nakaa mlangoni naangalia tu. Hapana taka tena, mimi. Mimi iko mzee sasa, hii kichwa hapana weza godoro." Akachungulia sufuria. "Hii dawa iko na uchungu. Ile mwanamke ya mkia fupi naonja kidogo halafu natupa. Weka sukari."

Sukari iliyokuwepo ilikuwa ya chai ya Phiona. Ayikoru akaiweka yote.

Waliyatandaza mahindi wao wawili kando ya kichaka, kisha wakarudi wakanawa mikono kwa sabuni, wakanawa tena. Ile sufuria Ayikoru aliitumbukiza chooni. Alasiri walisikia kelele mtoni, kelele ambazo hawakuwahi kuzisikia kwa tumbili, zikiingiliana na kilio cha wadogo. Margarita alichukua debe lake akalipiga kwa nguvu, ingawa shambani hapakuwa na tumbili hata mmoja. Alilipiga mpaka kelele zile zikaisha.

*

Mvua zilipopita, Onzima alirudi pamoja na Daktari Prossy na vizimba, kwa ajili ya ule upimaji wa pili. Walipofika karibu na kichaka walisimama kwa sababu ya harufu.

Tumbili walikuwa wametapakaa mpaka majini. Wengine walikuwa wamekumbatia mashina ya miti. Daktari alifunga kitambaa puani, akapita kutoka mmoja hadi mwingine akijaribu kupata japo kidogo cha damu, lakini walikuwa wameharibika. Mwishowe aliacha. Alianza kukata vile vibati masikioni, akivitia mfukoni kimoja kimoja, na Onzima akamsaidia. Jike lisilo na ncha ya mkia walilikuta mbali na wengine, limelala kifudifudi juu ya mtoto wake.

Watu walikuja kutazama. Wahabu alikuja pia.

"Nani amefanya hivi?" Daktari aliuliza.

"Labda ni ugonjwa," Wahabu alisema. "Si wewe nasema hii tumbili iko na ugonjwa?"

Kuna mtu alikohoa ili asicheke. Daktari Prossy alimtazama mzee, akawatazama wote, uso wake ukiwa umekunjamana kwa jua na kwa jambo jingine. "Sawa," alisema. "Mbu hawajafa lakini. Mbu wapo."

Alimwambia Onzima kwamba kazi ya hapo imekwisha. Wangejaribu kutafuta kundi lingine, pengine upande wa mpakani, na huko wana mtu wao. Alimpa mkono. Onzima aliushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, kama mtu anayetaka kuombwa abaki.

Nyumbani alioga, akaketi, akaomba chai. Chai ilikuja bila sukari, imechemshwa katika chungu.

"Sufuria ndogo iko wapi?"

"Ilitoboka," Ayikoru alisema. "Nimeitupa."

Aliinywa chai yote. Hakuuliza tena, wala siku hiyo wala iliyofuata.

Kisimani sasa walimpisha Ayikoru. Mwanamke yule yule aliyemwambia angoje tumbili wake alimshikia dumu na kumtwika kichwani. Mke wa Wahabu akatuma kapu la maharagwe. Karanga zikakomaa bila kuguswa, na Margarita, ambaye hakuwa na kazi tena ukingoni mwa kichaka, aliendelea kwenda kukaa kule kila siku kwa mazoea, debe likiwa magotini.

*

Homa ilimwanza Margarita siku ya kung'oa karanga. Aliacha jembe akasema kichwa chake kinagongwa. Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa peke yake na watu wamejaa hadi nje. Vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha, akampa vidonge vya malaria. Onzima alisimama dirishani akiwa na vidonge mkononi. Alikumbuka jinsi tumbili walivyopimwa joto, wakapimwa uzito, wakamulikwa meno kwa tochi. Alisema asante akaondoka.

Baada ya siku chache Margarita akapata nafuu. Alikaa uani akila uji, akamtania Phiona, akataka kujua nani kamaliza kukausha karanga na kama ameiba. Ayikoru akaimba akifagia. Kesho yake mama mkwe alikataa chakula. Alipoinua uso, weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya embe. Kisha akatapika, na alichotapika kilikuwa cheusi.

Onzima aliuza karanga zote bila kubishana bei, wakakodi gari mpaka Arua. Hospitalini walimlaza kwenye chumba cha mwisho. Pasca, dada yake Ayikoru, alikuwa akija kutoka mtaa wa Awindiri na chupa ya uji, na uji ukarudi naye kila mara kama ulivyokuja. Madaktari walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini. Ni Onzima aliyetoka nje akampigia Daktari Prossy simu.

Daktari alifika akiwa na vumbi la safari, na ruhusa ya wakubwa wa hospitali. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, naomba nikutoe damu kidogo. Itakwenda mbali kupimwa."

Margarita alifungua macho yake ya manjano. Alimtambua. Kitu kama kicheko kikapita midomoni.

"Sasa mimi ndiyo tumbili," alisema. "Toa. Lakini hereni mimi hapana taka."

Daktari alifanya kazi yake kwa uangalifu, akafunga vichupa kwenye barafu. Yeye na Onzima walipotoka nje kwenye veranda, Ayikoru alikuwa amesimama nyuma ya nguzo na beseni la nguo, wala hakujificha, ila hawakumwona.

"Ni yenyewe?" Onzima aliuliza.

"Nadhani ni yenyewe."

"Kama wale tumbili wangekuwepo. Kama ungewapima siku ile ulivyopanga. Ungejua?"

Daktari Prossy alikuwa mtu mkweli na hakujua namna ya kuusema ukweli ukawa mdogo. "Labda. Kama walikuwa na alama, ningepiga simu wiki ileile. Chanjo ingekuja, au ingechelewa, sijui. Pengine wangekuwa bado ni safi. Sitajua kamwe, Onzima. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sitajua."

Ayikoru aliweka beseni chini, akalishika tena, akaenda kufua.

Margarita alifariki asubuhi, wakati wa kufagia wodi. Mfagiaji alisimamisha ufagio akasogea pembeni. Onzima alitoka akaenda kuketi kwenye nyasi mahali ndugu wa wagonjwa wanapopikia, na Ayikoru akamfuata akaketi karibu naye. Wanawake walikuwa wakikoroga vyungu vyao.

"Ile sufuria," Onzima alisema, akitazama moto wa watu wengine. "Uliitupa wapi?"

"Chooni."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Sawa."

"Onzima..."

"Nimesema sawa." Akasimama, akajipukuta nyasi. "Twende tutafute gari la kumrudisha mama."

*

Ndugu wa marehemu mume wa Margarita walituma habari kwamba hawana nafasi ya kaburi. Huenda walitaka kuombwa. Wahabu hakuwaomba. Alilia mbele za watu, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, kisha akachukua jembe, akatembea mpaka lile shamba la chini, akachora kaburi kwenye udongo ambao karanga zilikuwa zimetoka tu.

"Hapa," alisema. "Hii iko yake. Dada yangu hapana lala kwa watu ya nje."

Katekista alisali, Waislamu wa ukoo wakasimama upande wao na kusali kwa namna yao, wote wakafukia. Siku arobaini zilikuwa hazijaisha majibu yalipotoka huko kusini: ilikuwa homa ya manjano. Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi ambayo Abuku haikuizoea. Magari yalikuja, kipaza sauti kikapita vijijini, meza zikapangwa katika shule ya msingi, na watu wakapanga mstari wakiwa na watoto na vitambulisho.

Ayikoru alipanga mstari pamoja na Phiona. Mstarini watu walimpa pole, na baada ya pole walimshukuru.

"Bila ile damu ya mama yako, sisi hapana pata hii," alisema yule mwanamke aliyewahi kuuliza kama wao hawana damu. Alimshika Ayikoru bega na kulitikisa kwa upendo. "Mungu nabariki hiyo nyumba yako."

Ayikoru alichomwa sindano bila kuihisi. Muuguzi alimwambia asiusugue mkono. Alimtuma Phiona atangulie nyumbani, naye akashika njia ya shambani, kwa sababu mtoto wa Wahabu alikuwa amekuja mstarini kumwambia kwamba mzee anamwita.

Alimkuta peke yake. Alikuwa amechimba mashimo kuzunguka kipande chote, tangu barabarani mpaka kichakani, kaburi likiwa ndani, na miche ya miti ya mpaka ilikuwa imelazwa kando ya kila shimo. Kichaka kilikuwa kimya. Mzee alikuwa amekunja mikono ya shati, na juu ya mkono wake kulikuwa na pamba ndogo ya sindano.

"Mimi naweka mpaka," alisema bila kumtazama. "Watoto yangu naelewa sasa. Penye kaburi ya dada yangu hapana mtu nafukuzwa. Hii shamba iko ya Onzima, na ya mtoto ya Onzima. Mwenyekiti ya kijiji nitaita kesho, aone. Leo mimi nataka mtu ya nyumba kushika miti."

Aliinua mche wa kwanza akamkabidhi. Ayikoru hakuupokea.

"Mjomba."

"Eh."

"Ile sumu niliweka mimi."

Maneno yalimtoka kwa sauti ndogo mno, akadhani hayakufika, akayarudia. Aliendelea kusema. Alisema habari za Koboko mjini, na mahindi, na yale aliyoyasikia verandani hospitalini, kwamba labda, labda, mama angekuwa hai na leo angekuwa amekaa pale na debe lake. Hakumtaja Margarita kuwa na mkono katika jambo lile. Machozi hayakuja, na alitamani yaje.

Wahabu alimngoja amalize. Alitazama kaburi la dada yake, akatazama kichaka, akajifuta jasho la shingo kwa kiganja. Kwa muda alionekana mzee sana.

"Nani hapana jua?" alisema.

Ayikoru akamtazama.

"Mama Phiona, hapa Abuku nani hapana jua? Mke yangu natuma maharagwe ya nini?" Akachutama kwenye ukingo wa shimo, magoti yakimlia, akamnyooshea mche mara ya pili. "Shika hii. Shika sawasawa, ikipinda sasa, napinda mpaka mwisho."

Hakukuwa na mtu mwingine shambani. Kutoka shuleni kilisikika kipaza sauti kikiwaita waliobaki. Ayikoru aliushika mche kwa mikono miwili, akausimamisha wima ndani ya shimo, na mzee akaanza kurudishia udongo kwa mikono.